Kuchagua NAS kwa Ofisi Yenye Windows, Mac na Linux

Ofisi nyingi zikitaka kununua NAS huanza na swali la terabaiti ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Mahali ambapo mhasibu anatumia Windows, mbunifu wa picha yuko kwenye Mac na waandishi wa programu wako kwenye Linux, kitakachowasumbua watu kila siku si ukubwa wa diski. Ni jina la faili linalokataa kufunguka kwa wengine, ruhusa zinazojibadilisha zenyewe, na waraka mmoja unaohaririwa na watu wawili bila mmoja kujua habari za mwenzake. Majina, ruhusa na kufuli za faili: mambo hayo matatu ndiyo yaongoze uchaguzi wako. Diski utaongeza baadaye. Programu mbovu iliyo ndani ya kasha utaishi nayo miaka mitano.

Kwa asiyeifahamu, NAS ni kasha, yaani kompyuta ndogo yenye diski zake, isiyo na skrini wala kibodi, inayokaa kwenye mtandao wa ofisi na kugawa folda kwa kompyuta nyingine zote. Unaisimamia kwa kivinjari.

Hatua ya 1: Pita meza kwa meza

Chukua daftari, zunguka ofisi nzima, na kwa kila kompyuta andika mfumo endeshi, toleo lake, programu zinazofungua faili za pamoja, na ukubwa wa faili anazoshughulikia mwenyewe kwa siku ya kawaida. Usiridhike na kuambiwa kwamba "wote wako kwenye Windows". Kaa kwenye kila kiti na uangalie.

Toleo lina uzito wake. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 inadai kila ujumbe wa SMB, itifaki (lugha) ambayo kompyuta hutumia kugawana faili kwenye mtandao, utiwe saini ya kidijitali, na haikubali tena kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni asiye na nenosiri. Kasha la zamani lililokuwa likigawa folda kwa yeyote bila akaunti litaonekana limekufa siku kompyuta hizo zikisasishwa, na lawama zitaangukia kebo na swichi zisizo na kosa.

Usiiruke mashine ya kunakili na kuskani. Mashine nyingi za zamani hutuma skani kwenye folda kwa kutumia SMB1, toleo la kwanza la SMB, peke yake, na SMB1 ndiyo iliyopitiwa na virusi vya WannaCry Mei 2017 hadi kompyuta za mashirika ya nchi nyingi zikafungwa kwa siku moja. Usiiwashe SMB1 kwenye NAS mpya kwa sababu ya mashine moja. Angalia kwanza kama mtengenezaji ametoa sasisho. Kama hakutoa, iwekee mashine njia nyingine, kwa mfano kutuma skani kwa barua pepe.

Kitu kingine cha kutafuta katika mzunguko huo ni programu zinazohifadhi data katika faili moja ya hifadhidata: programu ndogo za uhasibu, Access ya Microsoft, na chochote kinachotumia SQLite. Faili za namna hii hazipendi kufunguliwa na watu wengi kupitia folda ya mtandao. Kufuli zikikosewa mara moja tu, hifadhidata inaweza kuharibika, na uharibifu huo huenda usionekane hadi mwisho wa mwezi. Kama unayo programu ya aina hii, tafuta toleo lake linaloendeshwa kama huduma kwenye seva.

Hatua ya 2: Chagua itifaki moja kwa wote, nayo ni SMB

Hapa ndipo ofisi zenye mifumo mchanganyiko hupotea. Mtu husoma kwamba NAS inaweza kusema SMB, AFP na NFS, akafikiri ni busara kumpa kila mmoja lugha yake: Windows wapewe SMB, Mac wapewe AFP, Linux wapewe NFS. Ushauri huo ulikuwa na maana zamani. Leo una madhara.

AFP imeachwa na Apple wenyewe. Mwaka 2013, OS X 10.9 ilihamia SMB kama njia ya kawaida ya kugawana faili, na macOS 11 ya mwaka 2020 ikaondoa kabisa uwezo wa Mac kugawa folda kwa AFP. Hata Time Machine, programu ya Mac ya nakala rudufu, imekubali SMB tangu macOS 10.12 ya mwaka 2016. Kasha linalonadiwa kwa kuwa lina AFP halikuongezei chochote.

NFS ni jambo tofauti. Ni nzuri na ina kazi yake. Lakini katika hali yake ya kawaida haimuulizi mtu jina wala nenosiri. Inaiamini namba ya mtumiaji inayoletwa na kompyuta. Fikiria laptopu mbili za Ubuntu: mtumiaji wa kwanza kwenye kila moja anapewa namba 1000. Kwa NFS ya namna hiyo, wenye laptopu hizo ni mtu mmoja, na kila mmoja anaweza kufuta kazi ya mwenzake. Ukileta Mac, mtumiaji wake wa kwanza ni namba 501, kwa hiyo faili zake zitaonekana ni za mtu asiyejulikana. Dawa yake ni Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwenye mtandao, au kusimamia namba zote mahali pamoja, na ofisi ndogo haina mtu wa kufanya kazi hiyo. NFS ibaki kwa seva za Linux zinazoongea na NAS zenyewe kwa zenyewe.

La kuepuka kabisa ni folda moja kugawiwa kwa SMB na NFS kwa wakati mmoja. Kila itifaki ina namna yake ya kufunga faili, na si kila kasha linajua kuzipatanisha. Mtu wa Windows ataona faili imefungwa, wa Linux ataikuta wazi, ataandika juu yake, na hakuna atakayeonywa.

SMB, kwa upande wake, inafanya kazi kote. Windows inayo, Mac inayo, na Linux inaifungua kwenye kidhibiti cha faili kwa anwani ya smb:// au kwa kuipachika kama folda ya kawaida kupitia cifs, kiunganishi cha SMB cha Linux. Makasha mengi kwa ndani yanatumia Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya kununua, hakikisha kasha lina mambo haya: SMB 3 yenye usimbaji fiche, uwezo wa kuzima SMB1 kabisa, na moduli ya Samba iitwayo fruit, ambayo huhifadhi taarifa za ziada za faili za Mac mahali pake badala ya kuzimwaga kama faili nyingi zinazoanza na nukta na kistari cha chini. Baadhi ya makasha huiwasha kwa kubofya kisanduku cha kuboresha matumizi ya Mac. Iwashe kabla faili ya kwanza haijaingia. Kuiwasha baadaye kunaacha taarifa za zamani katika sura moja na mpya katika nyingine.

Hatua ya 3: Amua majina yataandikwaje

Windows haikubali alama hizi katika jina la faili: < > : " / \ | ? *. Haikubali pia jina linaloishia na nukta au nafasi tupu, wala majina kama CON, PRN, AUX na NUL. Mac na Linux zinakubali karibu yote hayo.

Tazama inavyotokea. Mbunifu kwenye Mac anahifadhi faili aliyoipa jina "Bajeti 12/3.xlsx". Kwake inafunguka bila shida. Mhasibu kwenye Windows anaiona folda, lakini ndani yake kuna jina lililokatwa lenye alama ya ~ na herufi asizozielewa, au faili inakataa kufunguka kabisa. Mwingine ameunda folda "Mikataba " akaacha nafasi tupu mwishoni bila kujua. Kwa jicho hakuna tofauti, ila Windows itasema njia haipatikani, na mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye ruhusa.

Herufi kubwa na ndogo ni mtego mwingine. Linux inahesabu "Orodha.xlsx" na "orodha.xlsx" kuwa faili mbili. Windows inahesabu moja, na Mac hufanya hivyo pia katika mpangilio wake wa kawaida. Zikikaa zote mbili katika folda moja, mtu wa Windows anaweza kubofya ya pili akafunguliwa ya kwanza. Wote wakipitia SMB, Samba kwa kawaida huzuia hali hii isitokee, nayo ni sababu nyingine ya kuwaweka watu wa Linux huko.

Angalia pia urefu. Programu nyingi za Windows bado zinakwama njia nzima ya faili ikipita herufi 260, na Mac huruhusu folda ndani ya folda hadi zaidi ya hapo.

Andika kanuni ya majina katika nusu ukurasa: herufi, tarakimu, kistari na kistari cha chini, tarehe iandikwe 2025-03-12 bila mistari ya mkwaju. Kwenye kila Mac, endesha amri hii mara moja ili isiache faili za .DS_Store, faili fiche za mpangilio wa folda, katika folda za mtandao:

`defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool true`

Hatua ya 4: Ruhusa kwa makundi, zisimamiwe na NAS peke yake

Windows ina orodha ndefu za ruhusa: huyu asome, kundi lile liandike, yule asifute. Linux katika mfumo wake wa kale inajua mmiliki, kundi na wengine, basi. Kasha zuri linaweka orodha za mtindo wa Windows na kuzitekeleza kwa kila anayeingia, awe anatoka mfumo gani. Kasha dhaifu linajaribu kutafsiri kati ya mitindo hiyo miwili, na kila tafsiri inapoteza kitu.

Unda makundi kwa kazi: uhasibu, ubunifu, uongozi, wote. Kila mtu awe na akaunti yake, na ruhusa zitolewe kwa kundi, kwenye folda ya juu, zirithiwe na kila kilichomo. Mtu wa Linux asiguse ruhusa kwa chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, kwenye folda ya pamoja. Anaweza kuvuruga urithi huo kwa amri moja.

Kama ofisi tayari ina Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za ofisi nzima, chagua kasha linaloweza kujiunga nayo, na hakikisha saa ya NAS inalingana na ya seva, maana Kerberos kwa kawaida inakataa tofauti inayozidi dakika 5. Ofisi ya watu kumi haihitaji kujenga Active Directory kwa ajili ya NAS. Akaunti za ndani ya kasha zinatosha.

Hatua ya 5: Sasa hesabu terabaiti

Chukua data mliyo nayo leo, ongeza ukuaji wa miaka mitano, ongeza moja ya tano kwa ajili ya snapshoti (kumbukumbu za faili zilivyokuwa saa fulani), kisha gawa kwa 0.8 ili diski zisijae kupita kiasi. Ofisi yenye terabaiti 3 leo inayoongeza 1 kila mwaka itafika 8; pamoja na snapshoti ni 9.6, ukigawa unapata 12.

Terabaiti hizo 12 zipatikane baada ya RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa na kutenga sehemu yake ili moja ikifa data ibaki. Diski nne za terabaiti 4 kwa RAID 5 zinakupa 12, na diski moja inaweza kufa bila kupoteza data. Diski nne za terabaiti 6 kwa RAID 6 zinakupa 12 vilevile, na mbili zinaweza kufa. Mimi huchagua RAID 6 diski zikiwa kubwa, kwa sababu ya muda wa ukarabati. Diski ya terabaiti 8 ikiandikwa mfululizo kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 15 kujaa, na hapo hakuna mtu anayefanya kazi. Ofisi ikiwa kazini, ni siku nzima au zaidi, na muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa bila kupumzika. Mara nyingi zilinunuliwa siku moja na zimezeeka pamoja.

Jiandae kwa swali litakalokuja wiki ya kwanza. Folda ileile ya terabaiti 12 itaonekana 10.9 kwenye Windows na 12 kwenye Mac. Hakuna kilichoibiwa. Windows inahesabu kwa vizio vya 1024, Mac tangu 2009 inahesabu kwa 1000.

Katika kununua diski, tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS na uthibitishe katika karatasi ya vipimo kwamba ni za CMR, ambazo mistari yake ya data haipandiani. Za SMR huandika mistari ya data ikipandiana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya ya jirani, na wakati wa kukarabati RAID zinaweza kupunguza kasi kiasi cha kasha kudhani diski imekufa.

Nunua kasha lenye nafasi moja au mbili zaidi ya unazohitaji leo. Kwa mfumo wa faili, Btrfs au ZFS. Vyote viwili vina snapshoti na vinahakiki data kila inaposomwa. Ext4 ni imara lakini haikupi hayo.

Hatua ya 6: Mtandao

Kebo ya gigabiti 1 inapitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde katika hali halisi, kwa watu wote wanaoongea na NAS. Kwa nyaraka na majedwali, inatosha kabisa. Kwa ofisi inayohariri video haitoshi: mradi wa gigabaiti 100 unachukua dakika 15 kunakiliwa, na hapo ni mtu mmoja. Gigabiti 2.5 inashusha hadi dakika 6 hivi, na kebo za Cat5e zilizomo ukutani kwa kawaida zinaibeba bila kubadilishwa. Kitakachohitaji kubadilishwa ni swichi, pamoja na kadi ya mtandao ya kompyuta isiyofika kasi hiyo. Kuunganisha kebo mbili za gigabiti 1 pamoja kunasaidia watu wengi kwa wakati mmoja, lakini kwa kawaida hakumwongezei kasi mtu mmoja anayenakili faili moja.

Ipe NAS anwani ya IP isiyobadilika. Na iunganishe na UPS (betri ya akiba) kwa kebo ya USB, ili umeme ukikatika ipate habari na kujizima yenyewe kwa utaratibu.

Hatua ya 7: Nakala rudufu na mlango wa nje

RAID inakulinda na kufa kwa diski. Haikulindi na mtu aliyefuta folda, wala moto, wala mwizi, wala virusi vya kudai fidia. Weka nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Snapshoti za kila saa zitakuokoa na makosa madogo. Hakikisha mtumiaji wa kawaida hawezi kuzifuta.

Kila Mac inaweza kufanya Time Machine kwenye NAS, lakini iwekee kikomo cha nafasi, maana Time Machine huendelea kuweka matoleo ya zamani hadi nafasi iishe.

Usiifungue NAS moja kwa moja kwenye intaneti. Mwaka 2022 virusi vilivyoitwa Deadbolt vilishambulia vifaa vya NAS vilivyokuwa wazi hivyo na kufunga data za wenyewe wakidaiwa bitcoin. Anayefanya kazi nyumbani aingie kwa VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi, kwanza. Na kabla ya kulipa, angalia mtengenezaji ameendelea kutoa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi kwa makasha yake ya zamani. Ukurasa huo wa masasisho unasema mengi kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa faili zenu kabla ya kuhama

Nunua mahali panapokubali kurudishiwa, au omba kasha la majaribio. Kisha kaa na kompyuta tatu, moja ya kila mfumo. Windows uifungulie kwa \\jina\folda, Mac na Linux kwa smb://jina/folda. Windows ikikataa kwa kusema tayari kuna muunganisho wa mtumiaji mwingine, futa nenosiri la zamani katika kidhibiti cha vitambulisho. Haikubali majina mawili ya mtumiaji kwenye seva moja kwa wakati mmoja.

Fungua jedwali kwa Excel kwenye Windows, na bila kulifunga, lifungue kwenye Mac. Mac inapaswa kuambiwa ni la kusoma tu. Kisha lifungue kwa LibreOffice kwenye Linux. Jaribio hili la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu LibreOffice na Excel kila moja huacha faili yake ndogo ya kuashiria kufuli, na huwezi kutegemea kwamba moja itasoma ya mwenzake. Kinachobaki kuwalinda ni kufuli ya SMB yenyewe. Ikiwa Linux itaruhusiwa kuhifadhi kimyakimya, rekebisha namna ilivyopachikwa au ukatae kasha.

Unda faili kwenye Linux, ibadilishe kwenye Windows, ifute kutoka Mac. Nakili folda yenye maelfu ya faili ndogo, maana hapo ndipo kasha dhaifu linapojulikana. Ondoa diski moja ukiwa kazini uone kama utapata onyo kwa barua pepe. Futa faili, kisha irudishe kutoka kwenye nakala ya nje, wala si kutoka kwenye snapshoti.

Ukiridhika, hamisha idara moja moja, ukianza na yenye faili chache. Pitisha zile faili za zamani kwenye kanuni ya majina kabla hazijaingia. Folda za zamani zifanye za kusoma tu na uziache zilipo hadi kufunga hesabu za mwaka kupite. Faili iliyosahaulika kwa kawaida hugunduliwa na mhasibu, na huigundua wakati huo.